Bibi wa Juu na Maharage ya Kwenye Nondo

Mtaani kwetu Sumbawanga tulimwita Bibi wa Juu, na sijapata mtu anayekumbuka nani alianza kumwita hivyo. Mimi nilipanga chumba kwake miaka mingi, nikashona nguo za nusu ya mtaa humo humo ndani, na hata hivyo jina lake la ubatizo nililisikia mara ya kwanza kanisani, padri alipomtaja kwenye nia za misa. Nililisahau kabla sijafika nyumbani. Kwangu alikuwa Bibi wa Juu, kwa sababu ukimtafuta ndani humkuti, ukimtafuta uani humkuti, ila ukiinua macho unamwona amesimama juu ya nyumba, kanga kiunoni, kikombe cha chai mkononi, katikati ya mboga zake.

Nyumba yenyewe inahitaji maelezo. Marehemu mumewe alikusudia kujenga ghorofa. Badala ya kupaua kwa bati alimwaga zege juu ya vyumba vyote, akaacha nondo zimechomoza kwenye kila nguzo zikingoja ghorofa hiyo. Kisha Mungu akamchukua, na ghorofa haikuja. Nyumba za namna hiyo mjini kwetu si haba, na wenyewe huanika nguo juu yake au huweka dishi la king'amuzi. Bibi yeye alipanga ndoo na magunia ya udongo chini ya kila nguzo, akapanda maharage ya kutambaa. Mvua zilipokolea hukuweza kuona chuma hata kidogo. Mgeni akiuliza njia aliambiwa anyooke tu mpaka kwenye nyumba yenye nywele.

Alikuwa amelima kijijini kwao Mwazye maisha yake yote mpaka miguu ilipoanza kumsumbua. Watoto wakakaa kikao, wakaamua ahamie mjini apumzike. Kikao hicho yeye hakualikwa, na hilo alilikumbusha kila ilipopatikana nafasi. Alikubali kuja mjini kwa sababu nyumba ilikuwa ya mumewe, lakini kupumzika alikukataa. Wiki ya kwanza, nilivyosimuliwa, alikaa barazani akitazama watu wakipita. Wiki ya pili akapanda juu na jembe.

Kumsalimia kulikuwa na taratibu zake. Ulisimama barabarani, ukainua shingo, ukasema shikamoo kwa sauti ya kufika. Naye aliitikia marahaba, halafu akakuuliza jambo ambalo hukumwambia. Vipi, mgeni wenu ameondoka na basi la asubuhi? Mbona jana ulirudi na kuku na hamna sherehe? Aliyaona yote kutoka kule juu. Lakini ole wako umpelekee umbea. Alikukatiza hapo hapo, akasema yeye hapendi maneno ya watu. Siku moja nilimtania kwamba maneno anayapenda, ila anataka kuyaona mwenyewe bila kusimuliwa. Aliniangalia kitambo, akasema fundi nawe unajua kupima watu. Fundi ndivyo alivyoniita siku zote, akitaka kunisifu na akitaka kunisema.

Kwa maji alikuwa bahili kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea maharage, ya kusuuzia mboga, yote yalikuwa na pipa lake karibu na ngazi. Yenye sabuni yalikuwa na ndoo nyingine, ya kudekia. Ukikosea, alichovya kidole, akanusa, akajua ni wewe. Alikuja mpangaji mmoja, mwalimu kijana kutoka pwani, ambaye hakuwa na habari ya pipa wala ndoo. Jioni ya kwanza akamwaga maji ya mchele uani, mbele ya macho ya Bibi. Tulingoja ngurumo. Bibi akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapo umemwaga figili mbili." Yule mwalimu alikaa nasi mpaka alipohamishwa, na muda wote huo mtaa ulimwita Figili Mbili. Nadhani hata wanafunzi wake walijua.

Na bahili huyo huyo wa maji hakujua kuuza kitu. Mtu akija na pesa anataka mchicha, alikasirika, akauliza ni nani aliyemwambia hapa ni sokoni, kisha akamchumia fungu zima bure. Mtu akija kuomba, alikalishwa kwanza kwenye ngazi na kuhojiwa: una mikono miwili, una uwanja mpana, kwa nini huna hata mche wa mnafu? Mahojiano yakiisha alipewa fungu hilo hilo. Wajanja walijifunza kuja na noti mkononi, wakijua haitapokelewa na maswali watayaepuka. Bibi aliwajua wote. Aliniambia kwamba mtu aliyejisumbua kutafuta njia ya kumdanganya anastahili mboga zaidi ya yule asiyefikiri.

Mboga zake zilikuwa za kawaida: chainizi, figili, mnafu, spinachi, vitunguu vya majani. Majani ya harufu ndiyo yaliyomletea wageni. Mchaichai ulijaa kwenye beseni lililotoboka, mnanaa kwenye sufuria zisizo na mikono, rozimari kwenye tairi. Kwa kila ugonjwa mtaani aliagiza mchaichai. Mafua, mchaichai. Tumbo, mchaichai. Binti wa jirani aliachwa na mchumba wake, naye akaletewa mchaichai. Yeye mwenyewe hakuunywa hata siku moja. Alikunywa majani ya chai ya dukani, meusi, sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Nilipomuuliza alisema yeye si mgonjwa.

Giligilani ndiyo iliyonichekesha zaidi. Aliichukia. Alisema inanuka kunguni, na akiimwagilia aliziba pua kwa upindo wa kanga. Lakini mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi aliwahi kumwambia kwamba wageni wanaitaka, basi Bibi akaipanda kila msimu, ikastawi kuliko vyote, naye akawa anamwita yule mama aje upesi aondoe kunguni wake. Ningekuwa mimi ningeiacha ife kwa kiu. Yeye alisema mmea hauna kosa, pua ndiyo yenye kosa.

Jumapili hakushika jembe. Huo ulikuwa mwiko, na aliwasema hadharani Wakatoliki wanaotoka misa wakaingia shambani. Lakini Jumapili hiyo hiyo alipanda juu kufanya kile alichokiita kusalimia, na katika kusalimia huko vidole vyake vilikuwa vinang'oa magugu njia nzima. Nikamwuliza. Akajibu kwamba kulima ni kwa jembe, na anayeona gugu akalipita ana roho ngumu. Padri naye, nadhani, alishaacha kuuliza.

Wageni wanaokuja Sumbawanga hawaamini baridi yetu mpaka iwashike. Mwezi wa sita na wa saba upepo unashuka kutoka milimani, na kule juu ya zege hapakuwa na cha kuuzuia. Mboga zilisinyaa, Bibi akakosa raha. Akaniomba vipande vya nguo awavike. Ndivyo alivyosema, awavike. Nilikuwa nimetoka kushona sare za kwaya, kitambaa cha zambarau kinachong'aa, na vipande vinavyobaki, kama kila mtu ajuavyo, ni vya fundi. Nikampa vyote. Akavishona kwa mkono, kofia moja moja, kila mche wa chainizi ukapata yake. Asubuhi yake mama mwenyekiti wa kwaya akapita chini akielekea mazoezini, akainua shingo amsalimie Bibi, akaona sare ya kwaya imevaliwa na mboga.

Alikuja chumbani kwangu amevimba. Alisema nimeidhalilisha kwaya. Kwa kweli kofia zile na sare zilifanana mno. Bibi akasikia, akainama kwenye ukingo wa zege akamwambia, mama, hata hizi zinaimba, ila ni sauti ya pili, haisikiki kutoka huko chini. Yule mama alijitahidi asicheke, akashindwa. Aliondoka na spinachi, na baridi ya mwaka uliofuata alileta mwenyewe vipande vya sare iliyochakaa.

Mbolea ililetwa na mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji wa nje ya mji, kwa mkokoteni wake wa ng'ombe. Yeye na Bibi walitaniana kila mara, kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikiburuta kuelekea kwao. Mzee alisema ameona ng'ombe wakipanda mlima, ila samadi kupanda nyumba ndiyo mara ya kwanza. Bibi akamwambia kwao wana ng'ombe wengi na mboga hawana, ndiyo maana wanatembea sana. Kisha alimpa gunia la majani ya kupeleka kwa mkewe. Mizigo ilipandishwa kwa kamba na ndoo, na sisi wapangaji tuliokuwepo tulivuta, tupende tusipende.

Mjukuu wake wa Dar es Salaam alimnunulia simu, akawa anamtumia video za watu wanaolima juu ya majumba, mboga zimepangwa kwenye mabomba meupe, maji yanapita ndani, udongo hakuna. Bibi alizitazama zote mpaka mwisho, miwani puani. Aliniuliza kama wale watu wanazila zile mboga. Nikasema wanazila. Akasikitika kwa ajili yao. Lakini kuanzia hapo alianza kuvitazama vibaya vyombo vyake mwenyewe, ndoo na magunia na mabeseni, nami nikajua jambo linakuja.

Kwetu Ufipa, mvua zikiwa bado zinanyesha, watu hulaza nyasi, wakazigeuza pamoja na udongo wake na kurundika vilima vidogo vya mviringo, nyasi ndani, udongo juu. Hizo ndizo ntumba. Nyasi zinaoza humo, maharage yanapandwa juu yake, na msimu unaofuata unavunja kilima na kuutandaza ule udongo ulionona, upate kupanda ulezi au mahindi. Mfipa anakua akiziona ntumba kabla hajaona gari. Bibi alitamka siku moja kwamba maharage ya kwenye ndoo ni ya kufugwa, hayana kwao, na kwamba yeye anataka kulima. Mkokoteni wa mzee wa Kisukuma ukaleta udongo mara nyingi kuliko kawaida. Nyasi zilikatwa bondeni. Mimi nilikuwa chini nikishona, nasikia jembe likikwaruza zege juu ya kichwa changu siku nzima, na Bibi akiimba.

Zilipendeza, siwezi kukataa. Nilipanda kuzitazama, nikajiona niko kijijini kwetu Kate, utotoni, asubuhi na ukungu. Yeye alisimama katikati amechafuka mpaka magotini, ana furaha ambayo sikuwahi kuiona. Na ili mvua isimchukulie udongo wake, alikuwa ameziba kwa nyasi matundu yote ya kutolea maji.

Hilo ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na Mfipa peke yake. Mwazye maji yanazama ndani ya kilima, yanakwenda zake ardhini, na hakuna anayeuliza yamefikia wapi. Huku yalifikia kwangu. Mvua kubwa ya kwanza nilipata doa darini. Ya pili ilidondokea kwenye cherehani. Nikahamisha cherehani, nikahamisha kitanda, nikatandaza plastiki. Bibi alishuka kuona, akakaa kwenye kigoda changu akitazama juu kwa muda mrefu. Siku ile ile akazibua matundu, lakini maji yalikuwa yameshaijua njia. Kuanzia hapo kila mvua iliponyesha aliniletea sahani ya maharage, na beseni kubwa la bati aliniachia moja kwa moja. Hakuniomba ninyamaze. Mimi pia sikuwa na mpango wa kusema kwa mtu, maana maharage yale yalikuwa matamu, na nilimpenda.

Mtoto wake mkubwa alikuwa hapa hapa mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi na nyumba yake nzuri. Hakuwa mtu mbaya. Alileta sukari, alileta mkaa, alikuja kila Jumapili baada ya misa. Lakini alipofika alipaki gari upande ambao hazionekani zile nywele za nyumba, na akizungumza na mama yake alizungumza naye uani, hakupanda. Siku aliyoona ukuta wa nje umelowa, alirudi kesho yake na fundi wa zege. Wakasimama mlangoni kwangu, Bibi nyuma yao na jembe lake. Akaniuliza mimi, si mama yake, "Dada, chumba chako kinavuja?"

Beseni lilikuwa nyuma yangu. Nilijua nikisema ndiyo, bustani imekwisha. Nilimtazama Bibi anisaidie.

"Kinavuja, baba," Bibi akasema. "Usimtie mpangaji wangu dhambini kwa ajili ya maharage yangu."

Fundi wa zege akapanda, akagonga gonga, akashuka na maneno yake. Zege linakunywa maji, nondo za ndani zitakula kutu, nyumba haitadumu. Ama juu pazibwe pajengwe, ama wahame wote waliomo. Mtoto akasema kwa heshima kwamba hata hivyo hayo ndiyo yalikuwa mapenzi ya baba, ghorofa, na aibu ni yao kuwa hawajayatimiza. Bibi akamwambia baba yake alitaka ghorofa ya watoto, sasa watoto wako wapi? Mmoja Dar, mmoja Mwanza, na yeye ana kwake. Aliinamisha kichwa mtu mzima yule, mwenye duka na wafanyakazi, akatoa lililokuwa moyoni.

"Mama, watu wananiuliza kama nimeshindwa kumlisha mama yangu."

"Waambie wapande waje wachume."

"Mama, kaa upumzike. Barazani kuna jua zuri."

"Nimewaona wanaokaa barazani," akasema. "Wenzangu wote wa Mwazye waliokalishwa, nimewazika."

Hapo nilielewa kitu ambacho nilikuwa nacho mbele ya macho miaka yote. Nilidhani kule juu anacheza, anajiliwaza. Kumbe alikuwa anashindana na kiti, na kiti kilikuwa kinamngoja kwa subira. Nilitamani dari langu lingevuja kimya kimya hata miaka kumi.

Aliomba jambo moja, avune kwanza, akakubaliwa. Akaomba la pili, kwamba ghorofa ikiisha, juu yake wamwage zege tena, wasiezeke. Mtoto akasema bati ndizo zinazofaa kwa mvua zetu, tena ana za rangi dukani. Hakuahidi kitu. Wakaachana hivyo, kila mmoja anajua mwenzake kasema kweli.

Nilikuja kumsaidia kuvunja ntumba nikiwa na moyo mzito, nikamwambia wazi kwamba naona uchungu. Yeye hakuwa na muda wa uchungu wangu. Alivunja kilima cha kwanza, akachota udongo, akauleta mpaka puani pangu: mweusi, laini, nyasi zimeisha kabisa. Akasema mwone huyo alivyoiva. Alifanya kazi ile tangu asubuhi kwa furaha ya mtu aliyefanikiwa, maana katika mambo yote yaliyokuwa yameharibika, ntumba zenyewe hazikuharibika. Kisha akatangaza kwa mtaa, kutoka ukingoni, kila mwenye chombo aje achukue udongo. Walikuja na ndoo, na makarai, mmoja na begi la shule. Kwa mara ya kwanza hakumhoji mtu. Mpaka leo ukipita mtaa ule utaona mnafu na vitunguu kwenye makopo ya rangi kila baraza, na mwenyewe atakwambia ni udongo wa Bibi.

Ujenzi ulianza, wapangaji tukatawanyika. Mimi nilikuwa na kiwanja mtaa wa Kizwite, nikakazana na vyumba vyangu viwili, nikahamia hata kabla ya kupiga lipu. Kwa Bibi sikurudi upesi. Nilisikia ghorofa imekwisha, nikasikia amehamia chumba cha mbele chini, nikasikia baridi imemshika nyonga. Nilikuwa nasema nitakwenda wiki hii, na sikwenda. Ukweli ni kwamba niliogopa nitakachokikuta.

Nilikwenda mwezi wa pili, siku ya mvua iliyokatika. Nikamkuta nilipoogopa kumkuta, kwenye kiti, barazani, shuka magotini, fimbo imeegemezwa ukutani. Nilimwamkia, akaitikia, nikalazimika kutazama pembeni kidogo ili nijipange uso. Hakunisaidia. Aliniuliza kama nimepanda kitu kwangu. Nikamwambia nina mnafu na mche mmoja wa rozimari. Akauliza kwa nini mmoja.

Tukiwa katika mahojiano hayo nikasikia kutoka juu, mbali, sauti ninayoijua. Jembe linakwaruza zege. Nilimtazama. Akasema ni panya.

"Panya gani huyo, bibi?"

"Mkubwa. Ana duka la bati."

Haikuchukua muda mtoto wake akatokea upande wa nyuma, suruali ameikunja mpaka magotini, tope mpaka kwenye nyusi. Aliponiona alisita. Akanisalimia, akauliza habari za Kizwite, akasema bila kuulizwa kwamba alikuwa anakagua mabomba ya maji. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akamwambia mama yake atarudi jioni, akaingia kwenye gari. Bibi alingoja mpaka gari lipinde kona. Kisha akaniambia kwamba mwanawe huja hivyo kila siku kabla ya kwenda dukani, wiki nzima sasa, anapita nyuma na magunia, na anaamini mama yake amekuwa kiziwi. Bibi mwenyewe tangu baridi hajazifikia ngazi, ziko nyuma na yeye huishia hapa. Akaniomba nipande nimtazamie.

Ngazi za kwenda ghorofani zilikuwa na bomba la kushikia, limechomelewa ukutani, limepakwa rangi ya kijani ambayo haijakauka. Nilijua kwa sababu ilinichafua kiganja. Bomba lilipita ghorofani, likaendelea hadi juu kabisa. Nikatoka kwenye mwanga. Zege, si bati. Lilikuwa limemwagwa kwa mteremko na kupakwa lami, matundu ya maji mapana kiasi cha kuingiza mkono. Na juu yake, ntumba.

Zilikuwa ntumba za mtu wa duka la ujenzi. Alizipanga kwa kamba, safu zimenyooka, ukubwa mmoja, pembe karibu ziwe nne, kama matofali yaliyoanikwa. Nyasi alizoziweka ndani nusu zilikuwa zimetokeza nje. Na nafasi alikuwa ameipoteza, maana zote alizibana upande mmoja, akaacha uwazi mpana mtupu kuanzia mlango wa ngazi mpaka ukingoni kunakotazama barabara. Uwazi huo ungetosha safu mbili zaidi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, na nilikuwa nataka kulia pia.

Nikashuka nikamweleza zile ntumba zilivyo, na sikupunguza. Nilipofika kwenye pembe nne alicheka mpaka akashika mbavu, akajifuta macho kwa shuka. Nikamwuliza kama nimwambie mwanawe namna ya kuzifunika nyasi.

"Umwambie nini? Maharage yenyewe yatamwambia."

Halafu akaona mkono wangu. Akaushika, akaugeuza, akauliza hiyo rangi nimeitoa wapi. Nikamweleza kuhusu bomba, kwamba linaanza ngazi ya kwanza na halikatiki mpaka juu. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni, akawa anatazama barabara, watu wanapita chini ya mvua iliyoanza tena kidogo kidogo, hakuna aliyeinua shingo.

"Na kule juu," akasema, "ameacha njia?"

Ndipo na mimi nilipouona ule uwazi kwa mara ya pili. Nikamwambia ameacha, tena pana, watu wawili wanapita bega kwa bega.

Akatoa shuka magotini, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Nikamkumbusha kwamba ngazi sasa ni nyingi kuliko zamani na mvua inanyesha. Akasema nimpe fimbo yake, nimfuate nyuma, na nisimsukume.